Kengele Chini ya Maharage

Habari hii tumeipokea kwa waja wema waliotutangulia, nao waliipokea kwa wenzao, na Mwenyezi Mungu ndiye aijuaye kwa ukamilifu. Wanasimulia kwamba katika nchi moja ya mbali, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, zama Mfalme wa Hispania alipokuwa akiitawala, palikuwa na mji mdogo wa milimani ulioitwa Sayulapa. Katikati ya mji huo watawa wa Mtakatifu Fransisko walikuwa wamejenga kanisa la mawe lenye mnara mmoja, na nyuma yake nyumba ya watawa na bustani ya mboga. Nimesema watawa walijenga, lakini mawe waliyabeba wenyeji, tena bila ujira, na kwa jambo hilo wenye kuulizwa na Mola wao ni wale watawa wa kwanza. Hata hivyo miaka ilipita, wenyeji wakabatiza watoto wao mle ndani na kuzika wazee wao uani, hata ikawa vigumu kumwambia mtu wa Sayulapa kwamba kanisa lile lilikuja na wageni.

Zaidi ya kanisa lenyewe, walichokipenda ni kengele. Miaka arobaini kabla ya habari hii, fundi alipokuja kuisubu kwa shaba iliyoyeyushwa, shaba ilipungua. Wanawake wa mji wakaenda majumbani, wakaleta sufuria zao, miiko yao, hata njuga za mbuzi, wakavitia katika tanuru huku wakisali. Mwaka mzima baada ya hapo walipika kwa vyungu vya udongo. Kengele ikatoka nzuri, ikapewa jina la Mtakatifu Klara, na kila ilipolia kila mama alidai kwamba anaisikia sufuria yake. Mama Tomasa, mjane msusi wa vikapu ambaye ulimi wake ulijulikana mji mzima, alikuwa akisema, "Ule mlio mzito wa mwisho ni sufuria ya mama yangu. Hata ilipokuwa jikoni ilikuwa na makelele."

Miongoni mwa watawa wa nyumba ile alikuwamo Bruda Hilario, aliyekuwa bawabu na mtunza bustani. Hakuwa padre, wala hakusoma sana. Kanuni ya utawa wao inakataza mtu kumiliki kitu, na Bruda Hilario aliishika kanuni hiyo mpaka kwenye ulimi. Hakusema "kanzu yangu" wala "jembe langu". Alisema "kanzu ninayoitumia" na "jembe ninalolitumia". Wapo waliosema kwamba hata meno yalipomsumbua alilalamika, "Jino ninalolitumia linaniuma," nami siwezi kuapa kwamba walimsingizia.

Jambo la pili lililomtambulisha ni kwamba hakusema uongo. Hakuwa mkali katika hilo wala hakuwahubiria watu. Alishindwa tu, kama mwingine anavyoshindwa kupiga mluzi. Watu walimpenda na kumwogopa kidogo. Aliyetaka kusifiwa nguo mpya hakupita mlangoni kwa Bruda Hilario.

Ndipo vikazuka vita vya uhuru. Watu wa nchi ile walichoka kutawaliwa kutoka ng'ambo, na haki ilikuwa upande wao. Lakini haki hiyo haikuwa na mizinga, na shaba ya kusubia mizinga ilikuwa katika minara ya makanisa. Siku moja ya Jumatatu ikafika Sayulapa habari ya Kapteni Leandro Quiroga, mwana wa mchunga nyumbu, aliyeongoza wapigania uhuru sitini. Sharti lake lilijulikana. Mji uliotoa kengele aliuacha kwa amani. Mji ulioficha, alimfunga padre mkuu na kumchukua mateka, na kanisa akaligeuza zizi la farasi. Alikwisha kufanya hivyo kwa majirani, na sasa alikuwa umbali wa mwendo wa siku tatu.

Mkuu wa nyumba ya watawa alikuwa Padre Gaspari, mtu mwema na msomi, ila moyo wake ulishtuka upesi. Watu wakamjia mbio. "Padre, Klara hatumtoi," akasema Mama Tomasa. "Tutamfukia bustanini. Pale udongo ni laini, na hakuna atakayeshangaa kuona pamechimbwa."

"Na Bruda Hilario?" akauliza Padre.

"Yuko vijijini anaomba sadaka ya mahindi na chumvi. Ndiyo maana tunamfukia leo."

Padre akakubali. Wanaume wanane wakaishusha kengele kwa kamba. Wanawake wakang'oa miche michanga ya maharage na kuiweka kivulini, shimo likachimbwa, Klara akalazwa humo, udongo ukarudishwa. Kisha wanawake wakapanda miche upya, wakaimwagilia, wakafagia nyayo, na wote wakarudi nyumbani wakijipongeza.

Lakini walikosea jambo moja, nalo ni kosa ambalo wakulima wa nchi ile peke yao wangeweza kulifanya. Bruda Hilario alipanda kwa desturi ya watawa: ananyoosha kamba, na kila shimo linapata mche mmoja. Wenyeji, tangu enzi za mababu, hupanda mitatu katika shimo: mmoja wa ndege, mmoja wa mdudu, na mmoja wa mtu. Siku ile hakuna aliyefikiri habari ya kupanda. Mikono ilipanda yenyewe, na ilipanda ilivyozoea.

Jumatano adhuhuri Bruda Hilario alirudi na gunia begani. Akangoja kengele ya adhuhuri, ya sala ya Malaika wa Bwana. Haikulia. Akaingia bustanini, akasimama. Katikati ya mistari yake iliyonyooka aliona kipande cha duara, upana wa mdomo wa kengele na zaidi kidogo, ambamo maharage yalisimama matatu matatu.

Padre Gaspari akamjia kwa haraka. "Bruda Hilario, nakuomba, usiniulize kitu."

"Sikuulizi, Padre," akasema Bruda. "Ila nawe mwombe Mungu nami nisiulizwe."

Akachukua ndoo, akayamwagilia yale ya mmoja mmoja na yale ya matatu matatu, sawasawa. Jioni, kanisani, alipiga magoti muda mrefu kuliko kawaida yake. Alimpenda Padre Gaspari kama ndugu. Aliipenda kengele, aliwapenda wale mama, na alijua kwamba neno moja tu kutoka kinywani mwake lingewaponza wote. "Bwana," alisali, "kama yawezekana, aulizwe mtu mwingine."

Kesho yake Kapteni Quiroga akafika na watu wake, wenye vumbi, njaa na viatu vilivyochoka. Katika nyumba ile palikuwa na desturi kwamba abishaye mlangoni hula kwanza, maneno baadaye. Bruda Hilario hakuona kwa nini bunduki sitini ziibadili. Akawapakulia supu ya maharage, na Kapteni mwenyewe akala bakuli mbili. Mji mzima ulikuwa umekusanyika uani.

Kapteni alipokwisha kula alipanda mnarani. Akaiona boriti tupu, inang'aa pale ilipokwaruzwa na kamba. Akashuka na kumtazama Padre Gaspari.

"Kama uonavyo, Kapteni," akasema Padre, huku jasho likimtoka, "mnarani hamna kengele."

Na kweli haikuwamo. Ndugu zangu, tusimcheke Padre. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kudanganya kwa maneno ya kweli? Mimi ninayewasimulia nimefanya hivyo wiki hii.

Kapteni akageuka akamtafuta yule mzee wa supu, akamkuta na upawa mkononi.

"Mzee, kengele iko wapi?"

Wanasimulia kwamba uani hapakusikika hata mbuzi. Bruda Hilario akaweka upawa chini. Machozi yakaanza kabla ya maneno.

"Kapteni, sikuiona ikifukiwa, wala hakuna aliyeniambia. Lakini nimetunza bustani hii miaka thelathini, na kuna mahali maharage yamesimama matatu matatu. Nadhani iko chini yake."

"Bruda, umetuua," akasema Mama Tomasa.

"Najua, mama. Nisamehe."

Kapteni akaamuru Padre Gaspari afungwe mikono, na askari wakachukua majembe. Hapo Bruda Hilario akafuta uso kwa mkono wa kanzu, akasogea. "Kapteni, nakuomba jambo moja. Maharage hayana kosa. Niruhusu niyahamishe kwanza."

Kapteni alikuwa amejitayarisha kwa vilio na laana, si kwa ombi hilo. Akatikisa kichwa kukubali. Mzee akapiga magoti akaanza kung'oa miche mmoja mmoja pamoja na udongo wake. Wale askari walikuwa wana wa wakulima, na mkulima hawezi kusimama akitazama mzee anahangaika na miche. Akainama mmoja, wakainama watano, na baada ya kitambo bunduki zilikuwa zimeegemezwa ukutani na vijana wa vita walikuwa magotini bustanini, wanagombezana. "Usishike shina, shika udongo." "Wewe nani alikufundisha? Unaizika hiyo, huipandi." Mmoja wao akauliza nani alipanda matatu matatu, na Bruda akawaonyesha wanawake kwa kidole. Yule kijana akatabasamu. "Hivyo ndivyo mama yangu anavyopanda," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile mtu wa Sayulapa alicheka.

Kengele ikafukuliwa, ina udongo mpaka masikioni. Kapteni aliitazama, kisha akamtazama Bruda.

"Ulijua nitawafanya nini. Kwa nini ulisema?"

"Uliniuliza," akajibu Bruda Hilario.

Kapteni akawaashiria askari waisogeze. "Basi naichukua, na padre wako namchukua pia."

"Kapteni, kuna ukweli wa pili, kama una nafasi ya kuusikia."

"Sema."

"Umemfunga Padre kwa kuficha mali yake, na Padre hana mali. Sisi hapa hatuna kitu, tunatumia tu. Kengele hii ni sufuria za hawa mama. Nasikia unapigania watu wa nchi hii wawe na neno katika mambo yao. Watu wenyewe ndio hawa. Bado hakuna aliyewauliza neno. Hata sisi watawa hatukuwauliza tulipowabebesha mawe."

Askari wakatazamana. Padre Gaspari, mikono ikiwa imefungwa, aliinamisha kichwa. Wengi walidhani mzee atapigwa, na yeye mwenyewe alidhani hivyo, maana alikuwa amefumba macho. Kapteni alitembea hatua chache, akarudi.

"Ukweli wa kwanza ulikuumiza, na bado uliniambia," alisema. "Siwezi kuukataa wa pili kwa sababu tu unakufaa."

Akamfungua Padre kamba kwa mkono wake. Kisha akavua kofia, akasimama mbele ya Mama Tomasa. "Mama, naomba kengele."

"Ya nini?"

"Ya mzinga. Jeshi la mfalme limefunga njia ya mlimani. Bila mzinga, vijana hawa watakufa pale."

Mama Tomasa akawatazama vijana. Mikono yao ilikuwa na udongo wa bustani, na mmoja bado alikuwa ameshika mche wa maharage asijue pa kuuweka. "Kengele sikupi," akasema. "Ngoja hapo."

Akaenda zake nyumbani. Aliporudi alikuwa na sufuria ya shaba kichwani, na nyuma yake alikuja jirani na yake, na nyuma ya jirani wakaja wengine, wanashuka kila kichochoro, wengine na sufuria, wengine na miiko, mmoja na beseni la kuogeshea watoto. "Sufuria tulizitoa mara moja, tutazitoa tena," alisema Mama Tomasa. "Tunajua kupika kwa vyungu. Lakini Klara ni mmoja."

Wakatundika boriti uani kama mizani, ili Kapteni apate shaba ya uzito wa Klara. Upande mmoja wakafunga kengele, upande wa pili wakarundika shaba kwenye wavu. Kengele haikutikisika. Wakaongeza miiko, haikutikisika. Kapteni akaenda kwa nyumbu wake, akawavua njuga zote alizorithi kwa baba yake, akazitia. Kengele ikasogea kidogo tu. Ndipo Padre Gaspari akatoka kanisani amekumbatia vinara vinne vikubwa vya altare.

"Hivi navyo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha, "ni vinara tunavyovitumia."

Kengele ikainuka kutoka ardhini, taratibu, ikaning'inia, na mtu mmoja asiyejizuia akaigonga kwa mwiko. Wanawake wakapiga vigelegele. Askari wakarusha kofia. Bruda Hilario aliketi juu ya ndoo aliyoipindua na kulia kwa furaha bila haya yoyote.

Padre Gaspari akamwendea Kapteni. "Nilikudanganya kwa maneno ya kweli. Nakuomba radhi."

"Nilijua, Padre. Ndiyo maana nilimuuliza mpishi," akasema Kapteni. Kisha akamgeukia Mama Tomasa. "Vita vikiisha, mama, nitazirudisha."

"Wanaume husema hivyo hata wakiazima ungo," akasema Mama Tomasa, lakini alimfungia mkate wa njiani.

Ikapita miaka saba. Klara alilia asubuhi, adhuhuri na jioni, na Sayulapa ilipika kwa vyungu. Habari zikafika kwamba mzinga wa sufuria ulinguruma mara mbili tu kule mlimani, jeshi la mfalme likaiacha njia usiku uleule, na vijana wote sitini walivuka salama. Baadaye ikaja habari ya uhuru wenyewe, na siku hiyo walipiga kengele mpaka kamba ikakatika.

Ya Kapteni haikuja habari yoyote. Mama Tomasa hakusema kitu, jambo ambalo majirani walilihesabu kuwa huzuni.

Mwaka uliofuata, siku tatu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, mkokoteni wa ng'ombe ukapanda mlima polepole. Mbele yake alitembea mtu mwenye mvi, anachechemea. Nyuma alikuja fundi wa shaba na mifuo yake ya kufukutia moto. Juu ya mkokoteni, umefunikwa kwa blanketi, ulikuwa mzinga. Mtu yule akasimama mlangoni kwa Mama Tomasa na kuvua kofia.

"Shikamoo, mama. Nimeleta sufuria."

Mama Tomasa akatazama mzinga, akamtazama yeye. "Umezichelewesha," akasema, kisha akamkumbatia huku akilia.

Fundi akajenga tanuru palepale uani ilipozaliwa kengele. Mzinga ukayeyuka, ukawa sufuria, miiko, vinara vinne, na beseni moja la kuogeshea watoto. Siku ya sikukuu, baada ya Misa, sufuria zote zikatelekwa mbele ya kanisa, na maharage ya kujaza sufuria hizo yakatoka katika bustani ya watawa. Bruda Hilario, ambaye sasa macho yalimpungukia, alipewa bakuli la kwanza. Kapteni aliketi karibu naye.

"Bruda," alisema Kapteni, "katika miaka hii niliahidi watu mengi, na mengine niliyasahau kwa makusudi. Hili lilinishinda. Kila nilipojaribu nilikukumbuka umepiga magoti kwenye miche."

Mzee akamwongezea supu.

Mama Tomasa alikuwa ametazama bustani na kuona jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. Tangu mwaka ule wa kengele, mistari yote ya maharage, kutoka ukuta hadi ukuta, ilipandwa mitatu mitatu. Akamuuliza Bruda sababu.

"Yale mliyopanda ninyi yalizaa kuliko yangu," akasema mzee, na wote wakacheka kwa kumsikia kwa mara ya kwanza akisema "yangu". Akacheka nao. "Kosa hilo ni langu, mama, hilo nalimiliki. Miaka thelathini nilipanda vibaya mbele ya macho yenu. Mbona hamkuniambia?"

"Hukutuuliza, Bruda," akasema Mama Tomasa.

Wanasimulia kwamba mzee alicheka mpaka bakuli likamwagika, na hapo kengele ya adhuhuri ikalia, na kila mama akainua kichwa kuisikiliza sufuria yake.

Enyi wapendwa, mimi nikiifikiri habari hii huona haya kidogo, kisha hufurahi. Haya, kwa kuwa wengi wetu tunangoja kuona tunaulizwa na nani ndipo tuamue kama tutasema kweli. Na furaha, kwa kuwa mzee mmoja alisema kweli aliyoiogopa, na kwa ajili yake kapteni akajua kuomba, padre akajua kutubu, na mtawa aliyetunza bustani miaka thelathini akajua kupanda maharage. Mwenyezi Mungu atujalie ulimi kama ule, na moyo wa kuwauliza walio karibu nasi.